Ni nani aliyegusa gari mwisho?

Kama umewahi kumiliki gari kuukuu katika jiji la Nairobi, bila shaka unajua kwamba kuna aibu za aina nyingi. Kuna aibu ya kusukumwa barabarani na watu usiowajua. Kuna aibu ya kumpa jirani lifti asubuhi, halafu wewe na yeye mkamalizia safari kwa miguu. Lakini aibu ninayotaka kuisimulia leo imezidi hizo zote. Ni aibu ya kumtwika lawama mtu asiye na kosa, tena mtu wa damu yangu, kwa sababu ya ufa katika kipande cha mpira ambacho bei yake haikufika hata shilingi 100.

Mambo haya yalitokea mwaka wa 2004, ule mwaka ambao matatu zilianza kupigwa mstari wa manjano na abiria wakalazimishwa kufunga mikanda. Wakati huo nilikuwa na Toyota Corolla ya mwaka wa 1989, yenye injini ya 1300 inayotumia kabureta. Nilikuwa nimeinunua kutoka kwa mfanyakazi mwenzangu baada ya kupitia mikononi mwa watu watatu. Halikuwa gari la kujivunia, lakini lilipeleka watoto shuleni, lilibeba viazi na kabeji kutoka sokoni, na kila mwisho wa mwezi lilitufikisha Machakos kumwona mama yangu mzazi.

Nyumbani kwetu Buru Buru tulikuwa tukiishi na mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa. Alikuwa kijana wa miaka 20, mpole, mtu wa maneno machache. Alikuwa akijifunza umakanika, na miezi miwili baadaye alitarajiwa kufanya mtihani wa ufundi wa serikali wa Gredi ya Tatu. Baba yake alikuwa ameaga dunia, kwa hivyo ada ya mtihani niliahidi kuilipa mimi. Fedha hizo nilikuwa nimekwisha kuziweka kando.

Jumamosi moja kijana huyo aliniomba ruhusa asafishe kabureta ya gari, kwani lilikuwa limeanza kutoa moshi na kunywa petroli kama ng'ombe anywaye maji baada ya kiangazi. Nilimruhusu. Alitandaza gazeti kuukuu uani, akapanga kila skrubu kwa mstari kama mwanamke anayepanga nyanya sokoni, akasafisha, akarudisha. Alipoliwasha, injini ilinguruma taratibu hata ungeweza kusimamisha sarafu juu yake. Nilimpongeza mbele ya watoto.

Jumatano iliyofuata nilikuwa nampeleka mama kliniki. Alikuwa amekuja kutoka Machakos kwa sababu ya shinikizo la damu, na daktari alikuwa ameonya kwamba asisumbuliwe. Tuliteremka Barabara ya Jogoo bila taabu. Kila nilipokanyaga mafuta, gari lilikwenda kama kawaida. Shida ilianza tulipofika kwenye raundabauti ya City Stadium. Nilipoondoa mguu kwenye mafuta ili nisubiri zamu yangu, injini ilitetemeka, ikakohoa mara mbili tatu, halafu ikanyamaza kimya.

Niliiwasha, ikawaka. Niliondoa mguu, ikazimika. Nyuma yangu matatu zilipiga honi kwa pamoja, makanga wakishuka kuniuliza kama gari hilo nilirithi kutoka kwa babu. Jasho lilinitoka. Mama, aliyekuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, alinitazama akasema: "Mwanangu, gari hili limechoka kama mimi."

Tulifika kliniki tukiwa tumechelewa, mimi nikiendesha kwa mguu mmoja kwenye breki na mwingine ukiwa tayari kukanyaga mafuta. Shinikizo la mama siku hiyo lilipatikana limepanda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo ilitafuta mtu wa kumwangukia, na mtu huyo alikuwa tayari nyumbani, akila ugali.

Sikumuuliza neno. Nilimwambia kwamba ameliharibu gari langu. Nikaongeza neno ambalo hadi leo ningependa kulimeza. Nilisema nimesikia vijana wanaojifunza umakanika hutoa vipuri vizuri kwenye magari ya watu, wakaviuza, wakarudisha vibovu. Je, alikuwa ameuza sehemu gani ya kabureta yangu?

Kijana aliweka tonge chini. "Mjomba, mimi nilisafisha tu. Sikubadilisha chochote. Nipe dakika 10 nilitazame."

"Usiliguse tena," nilimjibu.

Usiku huo mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, hebu fikiri vizuri. Gari lilikuwa zuri Jumamosi na hata Jumapili asubuhi tulipokwenda kanisani." Nilimwambia kwamba yeye hajui mambo ya magari. Ijumaa asubuhi tuliamka tukakuta kitanda cha kijana kimetandikwa vizuri na mfuko wake haupo. Alikuwa amerudi kwao.

Tiba ya kubahatisha

Nililipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi wa hapo aliinua boneti, akasikiliza kwa muda mfupi kuliko ninavyotumia kunywa chai, akasema ni plagi. Tukanunua plagi nne. Gari likaendelea kuzimika. Akasema basi ni nyaya za plagi. Tukanunua nyaya. Likaendelea. Akasema ni kifuniko cha distributa pamoja na rota yake. Tukanunua. Safari ya tatu alisema ni pampu ya petroli, nikanunua hiyo pia.

Ukijumlisha na malipo ya kazi, nilikuwa nimetumia shilingi 11,800. Ndani yake zilikuwemo fedha za mtihani wa mpwa wangu. Nilijiambia kwamba ni haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeharibu.

Mwishowe fundi yule alichukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kabureta inayoinua mngurumo wa injini. Mara gari likaacha kuzimika. Nilifurahi, nikadhani nimepona. Kumbe alikuwa amempa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu bila kujua anaumwa nini. Injini sasa ilinguruma kwa kelele hata nikiwa nimesimama. Likiwa gia ya kwanza kwenye msongamano, gari lilivuta mbele kama mbuzi anayevutwa sokoni, na breki zilichoka kulizuia. Petroli ya wiki ikawa haifiki Alhamisi. Na asubuhi kukiwa na baridi, bado lilizimika.

Maswali ya mzee

Wiki sita zilipita namna hiyo. Ndipo mwenzangu kazini aliponiambia kuhusu mzee mmoja kwenye Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan. Mzee huyo hakuwa na ofisi. Alikuwa na benchi, sanduku la spana, na redio ndogo iliyofungwa kwa waya. Nilikwenda Jumamosi, mke wangu akiwa nami kwa vile tulikuwa tunaelekea kununua vitu mjini.

Nilitarajia ainue boneti mara moja. Hakuinua. Aliketi kwenye benchi akaanza kuniuliza maswali kama daktari.

Je, gari huzimika likiwa baridi, likiwa moto, au nyakati zote? Huzimika likiwa linakwenda, au likisimama tu? Moshi wake ni wa rangi gani? Lilikuwa wapi kabla ya kuja Nairobi? Swali hilo la mwisho lilinishangaza. Alinieleza kwamba gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa, kando ya bahari, likiletwa Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa ni nyepesi. Petroli basi huwa nyingi kuliko hewa, na gari hutoa moshi mweusi na kunguruma vibaya ingawa hakuna kilichovunjika. Langu halikuwa limetoka Mombasa.

Kisha akauliza: "Ni nani aliyegusa gari hili mwisho kabla halijaanza kuugua?"

"Mpwa wangu," nilijibu upesi. Mke wangu alinitazama, lakini hakusema kitu.

Mzee aliniambia kwamba gari likikohoa pale tu linaposimama, mtu asikimbilie kununua vipuri. Injini huhitaji vitu vitatu: hewa, petroli na moto wa plagi, kila kimoja kwa kiasi chake. Gari likiwa linakwenda mbio, vitu hivyo ni vingi na kasoro ndogo hufunikwa. Likisimama, injini hupewa kidogo sana, kiasi cha kuiwezesha tu kubaki hai. Hapo ndipo kasoro ndogo hujitokeza, kama vile mtu asiye na akiba anavyotikiswa na deni la shilingi 50.

Alianza na usalama. Aliniamuru nizime injini, nikanyage breki mara kadhaa hadi ziwe ngumu, halafu nishikilie pedali na kuwasha. Pedali ilishuka kidogo chini ya mguu wangu. Akaridhika. Alinieleza kwamba breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, kupitia paipu nene ya mpira. Paipu hiyo ikipasuka, injini hukohoa na papo hapo breki huwa ngumu kama jiwe. Gari la namna hiyo haliendeshwi hata hatua moja.

Kisha alifungua plagi moja moja na kuzitazama juani. Plagi, alisema, ni kama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa na mafuta mafuta, oili ya injini inapenya mahali isipotakiwa. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, hali ni njema. Zangu, ingawa zilikuwa za wiki sita tu, zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe ncha zote nne. "Hewa imezidi, au petroli imepungua," alisema.

Alizirudisha, akawasha injini, akachomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira. Kila alipochomoa mmoja, injini ilitetemeka zaidi. Hiyo ilimwonyesha kwamba silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi, na kwamba ugonjwa ulikuwa wa injini nzima. Lau moja ingekuwa imekufa, kuchomoa waya wake kusingeleta tofauti yoyote. Katika nusu saa hiyo nilielewa kwamba plagi, nyaya, kifuniko na rota nilizonunua hazikuwa na haja ya kununuliwa.

Halafu alizima injini na kufungua swichi bila kuwasha. Alitega sikio kwenye kabureta, akasikia mlio mdogo, "tik." Huo ulikuwa mlio wa kijivali cha umeme kinachofungua njia ya petroli ya mngurumo wa polepole. Kijivali hicho kikifa, au waya wake ukichomoka, gari hukimbia vizuri lakini haliwezi kusimama bila kuzimika. Changu kilikuwa kizima.

Sasa akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alirudisha ile skrubu ya mngurumo chini mahali pake, gari likaanza kukohoa kama siku ile ya City Stadium. Kisha akakisukuma kwa kidole kifuniko cha choki, akakifunga nusu, ili hewa ipungue. Injini ilitulia! Alipoachilia, ikakohoa. Alipofunga nusu, ikatulia.

"Umeona?" aliniuliza. "Nikiinyima hewa inapona. Petroli ipo. Kabureta hii imesafishwa na mtu anayejua kazi, hata skrubu hazina alama ya kukwaruzwa. Kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma."

Maneno hayo kuhusu mtu anayejua kazi yalinichoma.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Magharibi, na mfano alionipa ulitoka kwao. Alisema wazee hunywa busaa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu. Mrija ukipata ufa katikati, hata uvute namna gani, utameza upepo badala ya busaa. Injini nayo hunyonya kwa nguvu. Pakiwa na ufa popote baina ya kabureta na silinda, itavuta hewa ambayo haikupimiwa petroli. Tena hunyonya kwa nguvu zaidi inapokuwa imesimama, kwa sababu mlango wake wa hewa umefungwa. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta huoni tatizo.

Aliingia sandukuni, akatoa kipande cha mpira wa kumwagilia maji kiasi cha mita moja. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini, kama daktari anayepima kifua. Vijana wengine hunyunyizia petroli ili wasikie injini ikibadilika, alisema, na ndio hao ambao magari ya watu huteketea mikononi mwao. Ghafla alisimama. Akaniita niweke sikio. Nilisikia sauti nyembamba, "sssss," kama ya nyoka ndani ya nyasi.

Ilikuwa paipu ya mpira yenye unene wa penseli, inayotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye kopo la filta ya hewa. Mwisho wake wa chini, mahali jicho lisipofika, ulikuwa umepasuka. Mzee aliubana kwa vidole viwili na papo hapo mngurumo ukapanda na kutulia. Alikata kipande kipya, akakibadilisha, akarekebisha mngurumo kwa sikio. Magari mengi madogo ya petroli, alisema, hutulia kati ya mizunguko 650 na 900 kwa dakika. Mpira huo ulinigharimu shilingi 80.

"Ufa huu si wa uzee peke yake," mzee alisema akiugeuza ule mpira mkavu mkononi. "Mtu ameuvuta. Ameliondoa kopo la filta kwa nguvu."

Nilifungua mdomo niseme kwamba ni kijana. Mke wangu, aliyekuwa ameketi garini mlango ukiwa wazi, alinitangulia. Hakuinua sauti.

"Baba watoto, ile Jumapili jioni si ulitia filta mpya?"

Msomaji, nilikuwa nimesahau kabisa. Naapa nilikuwa nimesahau. Jumapili ile, baada ya chakula, nilikuwa nimetoka uani na filta mpya niliyonunua kwa bei nafuu. Ukweli ni kwamba filta ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuhakikisha kama kijana amerudisha kila kitu ndani ya kabureta, kwa sababu sikumwamini. Kopo lilikataa kutoka, nikalivuta. Nilisikia kitu kikilia, nikakisukuma mahali pake, nikaufunga. Kwa siku tatu kabla ya Jumatano, mkono wa mwisho kugusa gari hilo ulikuwa wangu.

Nyani haoni kundule. Niliomba nipewe ule mpira uliopasuka nikautia mfukoni.

Safari ya Machakos

Kesho yake tulikwenda Machakos. Gari lilinguruma vizuri njia nzima, na kadiri lilivyonguruma vizuri ndivyo nilivyozidi kujisikia vibaya.

Dada yangu alinipokea kwa adabu lakini hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mtoto huyu amekaa hapa wiki sita. Kila anayepita huniuliza aliiba nini mjini hata akafukuzwa. Ulimuuliza wewe alichofanya, au ulimhukumu tu?" Tena mtihani ulikuwa umefanywa juma moja kabla. Wenzake walikuwa wameketi, yeye alikuwa hapo kijijini.

Nilimkuta kijana kando ya barabara, chini ya mwembe, akimsaidia mtengenezaji wa baiskeli. Wazee watatu walikuwa wameketi hapo wakisubiri baiskeli zao. Nilikuwa nimepanga kumwita kando. Lakini nilikumbuka kwamba lawama nilizitoa mbele ya watu, watoto wangu wakiwa mezani. Basi nilisema papo hapo, wazee wakisikiliza, kwamba hakuwa ameiba wala kuharibu kitu, kwamba aliyeharibu gari ni mimi, na kwamba nimekuja kuomba radhi.

Nilimpa ule mpira. Aliufuta kwenye suruali, akaukunja, ufa ukafunguka kama mdomo. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Mjomba," alisema, "uliuvuta bila kuuzungusha kwanza. Mpira uliozeeka hushikana na chuma. Ukiuzungusha kidogo huachilia. Ukikataa, unaukata kwa kisu unatia mwingine."

Hayo ndiyo yote aliyosema. Hakuniambia amenisamehe, wala sikuwa na haki ya kumdai neno hilo. Mwezi uliofuata alirudi Buru Buru kwa sababu mama yake alimsihi. Alifanya mtihani zamu iliyofuata akapita, lakini kazi aliyokuwa ameahidiwa na fundi mmoja mjini ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Ilimbidi aanze upya kwa mshahara wa kibarua. Deni hilo sikuweza kulilipa kwa fedha za mtihani peke yake.

Magari ya siku hizi

Siku hizi mpwa wangu ana gereji yake na watoto wawili. Magari anayotengeneza mengi hayana kabureta. Yaliyotumika ng'ambo yanayoletwa humu nchini hayaruhusiwi kuzidi umri wa miaka minane, na petroli yake hupimwa na kompyuta. Nilimuuliza kama elimu ya yule mzee wa Grogan imepitwa na wakati. Alicheka.

Anasema ugonjwa ni ule ule, ila umebadilisha nguo. Gari la kompyuta likikohoa linaposimama, kwanza hutazama mlango wa hewa ulioko nyuma ya filta. Baada ya miaka mingi mlango huo hujaa masizi, na hewa kidogo inayohitajika haipiti. Mara nyingi kuusafisha tu kunatosha. Magari mengine yana vali ndogo inayopitisha hewa ya mngurumo wa polepole, nayo hukwama kwa uchafu. Halafu hutafuta paipu zilizopasuka, kwa sikio, kama zamani. Baada ya hapo ndipo hufikia plagi na vipima joto.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, anasema, usiipuuze, lakini usiiabudu. Kompyuta hutoa namba ya dalili. Ikisema kwamba petroli ni kidogo kuliko hewa, wengi hukimbia kununua kipimo kipya cha hewa, kumbe ni ufa wa mpira. Namba ni mwanzo wa uchunguzi. Pia anaonya kwamba baada ya betri kuondolewa, baadhi ya magari hunguruma vibaya kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya. Kabla hujauza gari, mweleze fundi kwamba betri ilitolewa.

Kuna jambo moja analowaambia hasa wanafunzi wanaopenda kujifunzia nyumbani. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache. Hewa chafu ya moshi haina harufu ya kukuonya, na imeua watu waliodhani wanasikiliza tu gari. Ondoa tai na mikono mirefu karibu na feni. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ujue ni kipi kilicholeta nafuu. Na ukimwona fundi anapandisha mngurumo kabla ya kukuuliza swali lolote, chukua ufunguo wako uende.

Nilimtembelea mwaka jana kwenye gereji yake. Bwana mmoja alikuwa amefika na gari linalokohoa, akimlaani dereva wake kwamba ameliua. Mpwa wangu hakuinua boneti. Alimpa kiti, akamuuliza: gari huzimika lini, moshi ni wa rangi gani, na ni nani aliyeligusa mwisho. Yule bwana akajibu upesi, "Dereva." Mpwa wangu akamwambia afikirie tena, asiwe na haraka. Aliposema hivyo alinitupia jicho, nikainamisha kichwa.

Basi msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza ni lazima uuone ufa wenyewe uko wapi. Gari lako likianza kukohoa kwenye taa za barabarani, usikimbilie dukani, na usikimbilie kumlaumu mke, mtoto wala dereva. Kaa chini ujiulize ni nani aliyeligusa mwisho. Na jibu likiwa ni wewe, liseme siku hiyo hiyo, usingoje wiki sita.